Mama wa Mwalimu Amiba

Wanafunzi walimbandika jina la Amiba, nalo likamganda kama ruba. Kila mwaka somo lake la kwanza la biolojia lilikuwa lile lile. Anachora ubaoni kitu kama tone la wino lililomwagika, kisha anageuka. "Huyu hana mkono, hana mguu, hana hata mdomo. Lakini anakula, anakwenda, anakua, anazaliana. Yuko hai kuliko nyinyi mnaosinzia kule nyuma." Darasa linacheka. Mimi nafundisha jiografia chumba cha pili, na kicheko hicho kilikuwa kinapenya ukuta.

Mwaka ambao mama yake alianguka bafuni, sikukisikia.

Kilikuwa kiharusi. Mama mtu alikuwa fundi cherehani, aliyewalea Amiba na kaka yake bila msaada wa mtu. Hospitali ilimrudisha nyumbani na mrija puani. Hakusema, hakugeuka. Macho yalikuwa wazi, lakini ukipita mbele yake hayakufuati. Amiba alimtandikia sebuleni, karibu na dirisha. Asubuhi anamsukumia maziwa kwenye mrija, anambadilisha nepi, anamgeuza ubavu ili mgongo usichubuke, ndipo anamwachia jirani na kuja kazini ananukia dawa ya vidonda.

Jumamosi moja nilikwenda kumjulia hali mgonjwa, na nikiwa nakunywa chai akafika kaka mtu, dereva wa malori ya masafa marefu. Alisimama mlangoni, hata kofia hajavua.

"Dada, mama alishatutoka," alisema. "Huyu unayemlisha ni mwili tu. Toa huo mrija, tumwache apumzike."

"Anapumua."

"Hata mvukuto wa mhunzi unapumua."

"Kucha zake zinaota. Jana nimezikata. Unataka nimzike mtu kucha zinaota?"

Kaka alinitazama kana kwamba mimi ndiye hakimu. Niliinua kikombe changu cha chai, kilichokwisha kitambo, nikanywa hewa.

"Wewe ndiye uliyesoma," akamwambia dada yake. "Basi niambie, anajua kama wewe ni mwanawe?"

Amiba aliingia jikoni na hakutoka mpaka aliposikia lori likiondoka.

Wiki ile aliwaambia wanafunzi waoteshe maharage kwenye chupa zenye pamba iliyoloweshwa. Binti mmoja akauliza kama mbegu kavu iko hai, maana haili, haikui, haiendi popote. Amiba akamwambia iko hai, imelala tu, na inapumua kidogo mno hata huwezi kujua. Siku zikapita. Maharage mengi yakachipua, mengine yakaoza. Binti yule akainua chupa yake inayonuka. "Na hili langu, mwalimu, lilikuwa limelala, au lilikufa toka mwanzo?"

"Kwa nje yanafanana," Amiba alijibu, akatoka kabla ya kengele.

Nilimkuta chumba cha walimu, ameinamia meza tunayotumia pamoja.

"Nawafundisha kwamba moto unakula na unakua lakini hauko hai," aliniambia. "Wanaandika, nawapa vema. Sasa nina mtu nyumbani, na sijui nimwambie nini kaka yangu. Kila jioni namfinya mama kidole cha mguu."

"Haitikii?"

"Mguu unaruka. Lakini hata chura asiye na kichwa, ukimfinya, mguu wake unaruka. Nimewaonyesha wanafunzi kwa mikono yangu."



Mrija haukutolewa. Mvua zilipoanza mama alishikwa na kifua, akaishi siku chache tu. Jirani alipopiga simu, Amiba alikuwa darasani, na simu ikatetemeka ndani ya mkoba wake mezani, chumba cha walimu. Niliipokea mimi. Nilikwenda nikasimama mlangoni pa darasa lake. Aliweka chaki chini, akawaambia wanafunzi waendelee kusoma.

Kaka alikuwa safarini. Alifika kaburi limeshafukiwa.

Baada ya matanga nilikwenda kuwasaidia kuondoa kitanda sebuleni. Walikuwa wanakunja shuka, kila mmoja ameshika ncha zake.

"Nilisema vibaya siku ile," kaka alisema.

"Huenda ulisema kweli."

"Kwa hiyo alikuwa hatusikii?"

"Sijui, kaka."

"Wewe ulikuwa naye kila siku. Alikuwa anasikia au hasikii?"

"Sijui. Ningejua ningekwambia."

"Hata kunidanganya huwezi?"

"Nimejaribu kujidanganya mwenyewe. Imenishinda."

Kaka aliachia shuka. Aliketi kwenye chaga za kitanda, jitu zima la barabarani, akalia kwa sauti. Amiba alibaki amesimama, nusu ya shuka mikononi, nusu sakafuni. Nilichukua viatu vyangu, nikawaacha.