Mshereheshaji wa Changkat Lampin

Katika vijiji vya kando ya Mto Perak, harusi bila Hazwani ilikuwa kama wali bila chumvi. Wakwe waliokuwa wamenuniana tangu siku ya posa aliwachekesha mpaka wakasogezeana sahani. Silaha yake ilikuwa ubeti wa mistari minne ambao Wamalei wameurithi kwa mababu zao: miwili ya kwanza husema habari za mvua au ndege, miwili ya mwisho humchoma mtu pale pale anapodhani yuko salama. Wani, kama walivyomwita, aliweza kuutunga papo hapo, bwana harusi akiwa bado anajifuta jasho.

Hakuwa amepanga kuishi kwa kusherehesha. Alisomea uhasibu katika chuo kilichotengewa Wamalei peke yao. Rafiki yake Sook Yee, binti wa Mchina mwenye duka la vyakula pale kijijini, alikaa naye dawati moja miaka yote ya sekondari na alimpita katika kila mtihani wa hesabu. Wani akapata nafasi, Sook Yee akapewa pole. "Hongera, Wani," alimwambia, akamkumbatia, kisha akatazama pembeni. Baadaye akaenda Singapuri kutafuta riziki, na zile simu za kila jioni zikawa salamu za sikukuu tu.

Na elimu yenyewe haikumfikisha Wani mbali. Kwenye kampuni za watu binafsi aliulizwa, tena kwa tabasamu, "Nyinyi si huwa mnabebwa?" Kwenye ofisi za serikali aliulizwa kwa kunong'onezwa, "Una mtu wako ndani?" Mlango mmoja ulimfungia kwa sababu alibebwa, mwingine kwa sababu hakuwa na wa kumbeba. Akarudi kijijini kwao, Changkat Lampin, kumsaidia mama yake kukaanga ndizi, na harusi zikamwangukia.

Mama yake, Som, alikuwa akikaanga ndizi kando ya barabara kuu, chini ya mwavuli uliotoboka. Serikali ilipojenga vibanda vipya ng'ambo ya barabara, mbunge wao Shahrum, aliyepewa cheo cha heshima cha Datuk, alikuja kukata utepe. Akasema vibanda vile ni haki ya Wamalei, na yeyote atakayevinyooshea mkono atakiona. Mama Som aliomba kimoja. Miezi ikapita, ikaja kujulikana kwamba vyote vimekwenda kwa shemeji wa Datuk, Mmalei kweli, aishiye mjini katika nyumba yenye geti la umeme. Shemeji yule akavipangisha kwa bei ambayo ndizi haziwezi kuilipa.

"Subira," alisema Jamhari, baba yake Wani. Alikuwa makamu mwenyekiti wa tawi la chama cha Datuk, na neno hilo lilikuwa dawa yake ya kila maradhi.

Uchaguzi ukatangazwa katika msimu wa mvua, maji ya mto yakiwa yamefika kwenye ngazi za nyumba. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa Wani. Mzee Lazim, katibu wa tawi, akaja kibarazani na mwavuli wake.

"Wani, tunakutaka kwenye mkutano wa Datuk. Vijana hawaji siku hizi, wakija wanachezea simu. Wewe watakusikiliza."

"Niseme nini, Mjomba?"

"Ah, kazi yako hiyo. Changamsha. Ukiona wamepoa, waambie tusipompa kura, kesho tutakuwa wageni katika nchi yetu. Hilo halijawahi kushindwa."

"Na wakiniuliza kuhusu vibanda?"

Mzee Lazim alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Ndiyo maana nimesema uwachangamshe, mwanangu. Mtu akichangamka haulizi."

Wani alitaka kukataa. Akamwona baba yake akimtazama kutoka mlangoni, amesimama wima kama anayepigwa picha, kwa fahari ya kuwa binti yake ndiye aliyechaguliwa. Akakubali.

Siku ya mkutano ukumbi wa kijiji ulijaa. Mbele walikaa wazee na akina mama wa chama na sare zao, nyuma vijana waliofuata wali wa nyama. Wani alikaribisha vizuri, akatania vizuri, watu wakacheka. Kisha Datuk akapanda jukwaani na kusema kwa kirefu. Alisema kwamba Mmalei anaonewa, kwamba wapo wanaotaka kumnyang'anya alichopewa. Nyuma, kijana mmoja akapiga miayo kwa sauti. Datuk akamgeukia mshereheshaji wake.

"Haya binti, wape ubeti. Waamshe hawa waliolala!"

Wani alishika kipaza sauti. Baadaye aliwaambia watu kwamba hakuwa ameutunga nyumbani. Alimwona mama yake amesimama ukutani, mikono bado ina unga wa kukaangia, akipiga makofi kwa sababu wenzake wanapiga. Hapo ubeti ukatoka wenyewe:

"Doriani laanguka,
harufu hadi mtoni;
jina letu latumika,
wanaokula ni nani?"

Huko nyuma mtu akaitikia, "Ni nani?" na vijana wote wakaudaka mstari ule kama kibwagizo cha harusi. "Wanaokula ni nani?" Hata bibi mmoja mwenye sare ya chama alionekana akijiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

Datuk akamwomba kipaza sauti kwa kukinyakua. "Mnamwona huyu? Kasomeshwa na serikali yetu! Bila sisi angekuwa wapi?"

Wani hakuhitaji kipaza sauti, alikuwa amezoea kushindana na ngoma. "Ningekuwa pale pale nilipo, Mheshimiwa. Kwenye kikaango cha mama, juani. Nimesoma, ndiyo. Ndiyo maana najua kuuliza."

"Wewe ni adui wa watu wako!"

"Watu wangu ndio hawa. Waulize kama kuna hata mmoja mwenye kibanda."

Umeme wa jukwaani ukazimwa, sijui na nani. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na yalifika kwenye simu za vijiji vyote kabla wali haujapoa.

Nyumbani, Jamhari hakuvua hata kofia.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Baba, sikukutaja wewe."

"Hukunitaja! Mimi ni nani pale? Wani, babu yako alikuwa akigema mpira wa mtu mwingine, miguu peku. Barabara hii, shule ile, chuo chako, vililetwa na nani? Wewe umekikuta chakula mezani, sasa unamtukana mpishi."

"Babu alisaidiwa, na mimi nashukuru. Aliyemsaidia babu alimkuta hana viatu, akampa viatu. Hawa wa leo wanatuvua viatu kisha wanatuambia Mchina ndiye kavichukua. Sook Yee kachukua nini, baba? Niambie. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chake."

Jamhari alivua kofia, akaitundika ukutani. Mama Som, aliyekuwa akisonya tangu waingie, akasema tu, "Mwache mtoto ale."

Siku ya kura walikwenda kila mtu peke yake. Wani alisimama kwenye mstari mrefu wa vijana uwanjani mwa shule, matope kwenye vifundo vya miguu, akatoka na wino kidoleni. Hakumpa Datuk. Baba yake alimpigia nani hakusema, wala hakuulizwa. Datuk alishinda, ila kwa kura chache za kuaibisha, na katika shule ya Changkat Lampin alishindwa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Wiki haikuisha, Mzee Lazim akaja na wazee wawili wa tawi. Walitaka Wani aombe radhi hadharani. La sivyo, baba yake angeondolewa umakamu, na yeye asikanyage tena ukumbi wa kijiji.

Jamhari aliwamiminia kahawa. "Mdomo ni wake," alisema. "Muulizeni mwenyewe."

"Siombi," alisema Wani. "Nikiomba radhi kwa kuuliza, kesho nitaomba radhi kwa kuhema."

Jamhari akaondolewa. Kwa mwezi mzima hakuzungumza na binti yake ila neno la lazima. Lakini asubuhi moja Mama Som alipoamka akakuta mwavuli wake umetiwa kiraka, kushona kwa kiume, mishono mikubwa mikubwa.

Ukumbi ukafungwa kwa Wani, na hapo wakuu wa tawi walikosea hesabu. Bibi harusi wa kwanza kuambiwa achague kati ya ukumbi na Wani alimwambia baba yake, "Basi piga turubai kwenye shamba la mipira." Wa pili akafuata. Ikawa fasheni. Ukumbi ukabaki na popo wake, na harusi zikahamia uani na mashambani, hata wale wasioalikwa wakawa wanakuja kusikia beti. Wani alimtumia Sook Yee ujumbe mrefu, akamwambia yale ambayo hakuwahi kumwambia kuhusu nafasi ile ya chuo. Jibu lilichelewa, lakini lilikuja, nalo lilikuwa refu.

Mwaka uliofuata, msimu wa harusi ulipoanza, nani akaja kibarazani kama si Mzee Lazim. Alikuwa anamwoza kitindamimba wake. Alizungumza habari za mvua, bei ya samaki na magoti yake, mpaka maneno yakamwishia.

"Binti kakataa mwingine," alisema. "Anakutaka wewe."

"Nitakuja, Mjomba. Lakini beti nachagua mimi."

"Chagua, chagua. Na bei..." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Si utanipunguzia? Sisi kwa sisi?"

"Hakuna sisi kwa sisi, Mjomba," alisema Wani, akimsogezea sahani ya ndizi. "Foleni moja, bei moja. Juzi nimemtoza hivyo hivyo Muthu, fundi wa matairi, na Mhindi yule hakulia."