Blanketi la Lori la Luvsandash

Mara ya kwanza nilipofanya biashara na Luvsandash, mikono yetu ilikutana ndani ya mkono wa joho lake, kama wanavyopatana wafanyabiashara wa mifugo huku kwetu, vidole vikitaja bei bila jirani kusikia. Nilimbana kidole kimoja. Akanibana viwili. Nikarudia kimoja. Akautoa mkono wake nje, akawasha sigara.

"Mdogo wangu, unanunua safari au unanunua mbuzi kilema?"

Nikakubali bei yake. Nilikuwa na nyama ya kondoo iliyoganda, nayo ilipaswa kufika mjini Uliastai kabla ya sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka wetu mpya. Na asubuhi zile lori lake ndilo pekee lililokuwa likiwaka.

Lilikuwa lori kuukuu la Kirusi. Kwenye rejeta alitia maji matupu, bila dawa ya kuzuia yasigande. Alipolala aliyamwaga, na asubuhi alichemsha mengine jikoni akayatia. Mbele ya rejeta alifunga blanketi zito la sufu, kazi ya mikono ya marehemu mkewe, kuzuia upepo. Mifugo hakuwa nayo hata mmoja. Lori ndilo lililomlisha.

Tulipoanza kupanda mlima tukakuta pikipiki imekufa njiani, na kando yake mfugaji aitwaye Byambajav, mkewe na watoto wao wawili. Wakati wa baridi humpiti mtu aliyekwama. Hilo kwetu halina mjadala. Mama na watoto wakabanana nasi mbele, nafasi ikaisha. Byambajav akapanda juu ya nyama yangu, kwenye upepo.

Luvsandash akamtazama kule juu, kisha akaanza kufungua kamba za blanketi.

"Mzee, hiyo ni nguo ya gari!" nikasema.

"Gari halina watoto."

"Lina wewe."

"Basi mimi na gari tutavumilia." Akamrushia Byambajav blanketi. "Panda."

Hatukufika mbali, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Baridi ya kukata masikio, na injini inachemsha! Akasimama, akanishikisha rejeta. Juu iliniunguza; chini ilikuwa jiwe la barafu.

"Maji ya chini yameganda," akasema. "Hayazunguki tena. Yaliyobaki kwenye injini yanajipika yenyewe."

"Basi zima, tulifunike, tuliwashie moto chini."

Ndivyo tungefanya siku nyingine. Lakini yule mtoto mdogo alikuwa ameacha kulia, midomo imekuwa rangi ya majivu. Tukizima, joto la mbele lingeisha kabla barafu haijayeyuka. Na kambi ya kwanza ilikuwa upande wa pili wa mlima.

"Nikizima, napona na lori langu," akasema Luvsandash. "Nisipozima..."

Akapanda.

Akaendesha chuma kikisagana, mvuke ukigandia kwenye kioo. Ule mshale hakuutazama tena. Tulipoanza kuona moshi wa mahema, injini ikagonga kwa kishindo, ikafa. Mteremko ukatufikisha. Akaachia usukani, akamwambia yule mama, "Haya binti yangu, shukeni. Mtoto apewe chai ya chumvi."

Watoto walipona. Baba yao aliacha vidole vya mguu kwenye baridi ile. Fundi aliifungua injini, akaifunga bila hata kutaja bei.

Nyama yangu ilifika sikukuu imekwisha, nikaiuza kwa hasara.

Theluji ilipoyeyuka nilimfuata Luvsandash ninunue bodi la lori, lile sanduku la nyuma, nihifadhi ngozi. Nikamkuta anachunga kondoo wa Byambajav kwa chakula na mahali pa kulala, yeye ambaye hakuwahi kuitwa mtumishi wa mtu. Tukaingiza mikono ndani ya joho. Nikambana kidole kimoja, bei ya matusi, bei ya kuanzia tu, nikingoja anibane viwili.

Hakubana. Aliitikia kwa kichwa.

"Mzee, bado hatujaanza!"

"Mimi nimemaliza, mdogo wangu. Ila blanketi usilitie kwenye bei hiyo. Hilo linabaki."

Nikalichukua bodi. Ngozi zangu zimo humo, hazilowi. Blanketi, siku ile naondoka, niliwaona wale watoto wamelilalia.