Tangazo la Vitumbua vya Mama

Nilimchafulia mama yangu mzazi biashara gazetini, tena kwenye ukurasa uleule aliolipia tangazo. Ndiyo, mimi. Gazeti letu la shule hapa Ifakara tunaliandika kwa mkono na kulibandika ukutani, na mimi ndiye mwonjaji wa vyakula vinavyouzwa nje ya shule. Mwalimu alitukataza kumsifu mtu eti kwa kuwa katupa tangazo. Basi chini ya "Vitumbua vya Mama Koleta, vitamu kuliko vyote" nikaandika: "Vina mchanga. Nilidhani natafuna barabara ya Lumemo."

Darasa zima lilicheka. Nikatembea kifua mbele, mwandishi asiyehongeka!

Kesho yake wanafunzi, ambao ndio wateja wake, walimpita bila kusimama. Mama akaingia shuleni na sinia lake bado limejaa, akasoma ukutani mbele ya wenzangu wote.

"Shikamoo mama," nikasema. "Tangazo ni tangazo, maoni ni maoni. Sifuti hata neno."

"Marahaba. Usifute, mwanangu," akajibu. "Ila ongeza kwamba mchele ule nilikupa wewe uupete, ukautelekeza ukaenda kucheza mpira."