Mapazia ya Kumpokea Afisa

Kwenye ujia wa ile nyumba ya vyumba vya kupanga, asubuhi sasa ni kimya. Zamani wapangaji waliamshwa na cherehani ya Fundi, ikikimbia, ikisita penye pindo, ikikimbia tena. Waliilalamikia miaka. Ilipokoma, mpishi wa chumba cha jirani alichelewa kazini wiki nzima.

Fundi alishona sare kiwandani tangu usichana wake. Kila mshahara ulikatwa mchango wa mfuko wa wafanyakazi, na figo za mumewe zilipogoma, ni kadi ya mfuko huo iliyomfikisha kwenye mashine ya kusafisha damu. Wenzake waliponung'unikia makato, yeye alisema, "Hayo makato ndiyo mume wangu." Kisha kiwanda kikafungwa, na kadi ikafa pamoja nacho. Mfuko ulimjua mfanyakazi. Mgonjwa haukumjua.

Mdogo wake, dereva wa lori aliyehamia ng'ambo ya mpaka, alimweleza kwa simu kwamba huko hakuna anayeulizwa kazi. Kila mkazi anatibiwa. Fundi akauliza ukazi unapatikanaje. Kwa kuishi huko mwaka mzima, mdogo wake akajibu, na sauti ikamfifia, kwa sababu wote wawili walijua shemeji hana mwaka.

Ikabaki njia ya tatu, msaada wa serikali kwa mafukara. Huo haukuuliza kazi. Uliuliza ufukara, na ulitaka kuuona kwa macho. Afisa ustawi angekuja nyumbani kutazama.

Mpishi, ambaye mama yake alikwisha kuupata msaada huo, alimfunda: aondoe mapazia, cherehani aihamishie kwake, mgonjwa amlaze chini. Fundi aliitikia yote. Lakini siku ya ugeni ilipofika, mikono ilimkatalia. Alifagia, akapiga deki, akashona mapazia mapya kwa vipande vya sare alivyokuwa ameviweka. Halafu akaenda kwa mpishi kuazima viti na kitambaa cha meza.

"Dada, unaomba msaada au unapokea posa?" mpishi akamuuliza.

"Mgeni hakalishwi sakafuni."

"Mgeni huyu anakuja kutazama shida zako. Mficha uchi hazai."

"Shida yangu iko kitandani. Ataiona."

Afisa alikuwa binti mpole. Alikalia kiti cha kuazima, akanywa chai. Mgonjwa, aliyekuwa ameogeshwa na kuvishwa shati la pasi, alijikaza akaketi wima, akamtania kwamba angesimama kumlaki ila miguu imekunywa maji kuliko mwenyewe. Afisa akacheka. Alipoaga aliligusa pazia.

"Umeshona mwenyewe, mama? Una mkono."

"Ahsante, mwanangu," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe alijiona mtu.

Jibu lilikuja fupi. Kaya ina samani, ina cherehani, ina fundi mwenye nguvu za kujitafutia. Haistahili.

Mpishi alimhimiza arudi ofisini akaseme ukweli, kwamba viti si vyake, na mwenye shati la pasi anakufa.

"Nikamwambie nini? Kwamba nilimdanganya kuwa sisi ni watu?"

Alikwenda hata hivyo, aibu ameimeza. Alisema mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni kwamba hana kitu, akarudia pale karani aliposema hasikii. Wakamwambia afisa atakuja tena, asubiri zamu. Akarudi nyumbani, akayaondoa mapazia, akarudisha viti, cherehani akaihamishia kwa mpishi, akamlaza mumewe kwenye mkeka kando ya ukuta. Mumewe alimtazama anavyohangaika, hakutania tena. Chumba kilikuwa tayari, kitupu kama walivyokitaka.

Afisa alipofika alikuta msiba.

Cherehani iko kwa mpishi, imefunikwa na yale mapazia. Fundi anaishi kwa mdogo wake, ng'ambo ya mpaka. Ametimiza mwaka. Goti lake linatibiwa bure.