Upande Ulioangalia Ukuta

Mimi niliimba rock kabla watu wa hapa Mashimoni hawajazaliwa, na nikisema hivyo wanacheka. Suruali yangu ilibana mpaka kuivaa ilibidi nilale kitandani, kaka yangu avute. Kiingereza sikukijua. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu ya mbuzi, lakini hayo ya mbuzi tuyaache. Nilikuwa nafua nguo kwa mzungu mmoja, redio yake inaimba, nami nashika maneno hivyo hivyo bila kuyaelewa. Jumamosi naenda ukumbini kuyapigia kelele na gita, wasichana wanapiga nduru. Miaka kama minne hivi. Halafu watu wakataka muziki wa benga, mimi nikarudi kufua.

Nilirekodi sahani moja tu ya santuri. Upande mmoja ni rock yangu. Upande wa pili mwenye studio alitaka kitu laini, basi msichana aliyenisindikiza akaimba wimbo wa kwao Kitui, mimi nikampigia gita. Huyo ndiye aliyekuwa bibi yangu mpaka mwezi uliopita.

Gramafoni tuliuza zamani. Sahani nikaitundika ukutani, msumari kwenye tundu la katikati, kama wengi walivyofanya. Upande wangu uliangalia wageni. Wake uliangalia ukuta. Kila Jumamosi aliipangusa vumbi kwa leso, mkono unaenda duara, sahani nayo inazunguka kwenye msumari. Mimi nakunywa chai, namwangalia.

Alipofariki, binti yetu akasema, "Baba, tutoe sauti ya mama tuiweke kwa simu. Tuipige siku ya mazishi. Wajukuu hawajawahi kumsikia akiimba."

Tukaenda steji ya Kawangware 56, kwa fundi wa redio aliye na gramafoni. Akasoma jina langu pale katikati ya sahani, akaangalia mapengo yangu.

"Buda, huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wacha! Na siku hizo meno zilikuwa?"

"Zote."

Akaanza na upande wangu. Ulitoka safi, binti akaurekodi. Akageuza. Kukatoka mlio kama wa mafuta yakikaanga, mwanzo mpaka mwisho. Fundi akaiinua kwenye mwangaza.

"Mzee, hii side imesagwa. Ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwa ukuta."

"Wa mawe?"

"Wa udongo."

"Na ilikuwa inazungushwa. Cheki hii mikwaruzo, yote ni duara."

Binti akaniangalia. Ile habari ya leso sikuisema.

Siku ya mazishi, kule Kitui, spika zilikuwa zimeshafika, na simu ilikuwa na wimbo mmoja tu, ule wangu. Wakaupiga huo. Nikajisikia nikipayuka juu ya jeneza maneno ambayo mpaka leo sijui maana yake. Pasta alikuwa akitikisa kichwa kufuata gita. Mjukuu mmoja akaninong'oneza, "Babu, kumbe ulikuwa moto!"

Nilikuwa nimeshika udongo wa kutupa kaburini. Nikangoja wimbo uishe, nikautupa.