Mwezi wa tano tulicheza

Leo kwenye arusi, mama wa bwana arusi amenitambua baada ya miaka yote hii. Nikajiona muntu wa maana.

Zamani zile nilikuwa kapita, msimamizi wa wanaume kumi, tukichoma majani chini ya waya za umeme wa bwawa la Koni. Tulichoma mwezi wa tano, majani yangali na maji, moto utembee polepole.

Mwaka mmoja, mwezi huohuo, chef akatutoa porini tukajifunze kucheza animasyo, ngoma za kumsifu Rais, kwa kuwa Rais anakuja. Miezi mitatu tunakata viuno, mpaka Rais akaja mwezi wa nane.

Nikasema, "Chef, majani itakauka."

"Kapita, weye unatafuta kufungwa buloko?"

Akatuamuru kuchoma mwezi wa tisa. Moto ukaruka barabara, ukamla Ilunga, mmoja wa wale kumi wangu, mikono yote miwili. Mpaka leo vidole havifunguki.

Basi, mama yule wa leo:

"Papa, haiko weye ulikuwaka unacheza mbele ya Rais? Tuonyeshe kidogo."

Mniambie, ningekataaje mbele ya maharusi?

Nikacheza.

Ukumbi mzima ukapiga makofi, isipokuwa Ilunga, meza ya nyuma, mikono yake mapajani.