Mkono wa Sweta Uliokunjwa

Amefariki mtu aliyetembea Nakuru nzima, jua na baridi, mkono wa kushoto wa sweta lake ukiwa umekunjwa hadi kwenye kiwiko. Binti yake alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa bado napuliza chai. Akasema, "Uncle, Baba ametuacha," nami nikakiweka kikombe mezani. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnanijua: nikiona manyunyu natangaza gharika, na nikila sahani moja ya pilau harusini nasimulia kwamba nilimaliza sufuria. Leo nitajaribu kupunguza chumvi, ingawa marehemu mwenyewe angenikataza. Yeye aliamini habari isiyotiwa chumvi ni habari ya wagonjwa.

Tulikutana kwenye masomo ya jioni, watu wazima wenye vitambi tuliobanana kwenye madeski ya watoto wa darasa la nne. Tulikalia deski moja, kwa hiyo akaniita Deski hadi mwisho wa maisha yake. Alikuwa mzaliwa wa Subukia, mkazi wa Lanet, na mfanyakazi wa kiwanda cha unga. Miaka ya kushindana na kelele za mashine ilikuwa imempa sauti ambayo, akikusalimia pale Lanet, flamingo waliinua vichwa ziwani. Mwalimu akimuuliza swali la hesabu, jibu lake, ambalo mara nyingi halikuwa sahihi, lilisikika hadi barabara kuu. Mkewe, mama mpole wa maneno machache, ndiye peke yake aliyeweza kumnyamazisha. Alimgusa bega tu, na ngurumo ikaisha.

Huyo mkewe ndiye aliyemnunulia ile saa. Ilikuwa saa nyeusi ya nambari, ya kawaida kabisa ukiitazama, ila ilikuwa ya sola: inakula mwanga, na mwanga huo ndio unaojaza betri yake. Daktari alikuwa amempa rafiki yangu dawa za presha za kumeza kila asubuhi, naye, kama wanaume wengi wa rika letu, alizimeza siku alizokumbuka. Mama akaitegesha saa kengele ya asubuhi. "Hii ikilia," alimwambia mbele yangu, "ujue ni mimi nakuita. Na usijifanye hujasikia." Rafiki yangu akacheka kicheko cha kutikisa madirisha. Haukupita mwaka, Mama huyo huyo, ambaye hatukumjua hata kwa kikohozi, aliugua ghafla akatangulia.

Baada ya mazishi, rafiki yangu aliivua ile saa, akaifunga kwa kitambaa cha kichwa cha marehemu, akaitia ndani ya mkoba wa Mama, kisha mkoba akaufungia kabatini. Alitaka isikwaruzike, isilowe, isiibiwe. Usimcheke, msomaji, maana hivyo ndivyo tunavyopenda sisi watu wa huku bondeni. Nyumba gani ya Nakuru haina bilauri kabatini zinazomsubiri mgeni ambaye hata hajazaliwa? Nina shangazi ambaye blanketi lake zuri limezeekea ndani ya nailoni lililokuja nayo kutoka dukani, naye akitetemeka usiku chini ya lile lenye matundu. Akiba haiozi, walisema wazee. Wazee hao hawakuwahi kumiliki saa ya sola.

Miezi ikapita. Siku aliyoifungua, uso wa saa ulikuwa mtupu, bila nambari hata moja. Alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane ilibidi nimwambie aongeze sauti. "Deski," alisema, "ameniacha mara ya pili."

Tukaipeleka mjini kwa fundi wa saa, mwanamke mcheshi aliyefanyia kazi chini ya mwavuli wenye rangi zote alizoumba Mungu na nyingine alizosahau. Akaigeuza, akachukua bisibisi. Rafiki yangu akamshika mkono.

"Mathe, ngoja kwanza. Ukifungua, ile kengele aliyoitegesha mke wangu itabaki?"

"Mzee, siwezi kukudanganya. Nikitoa betri, kila kitu kinaanza upya."

"Basi usifungue."

"Sasa mzee, nisipofungua nitaitibu na maombi?"

Walibishana hivyo, rafiki yangu akiwa ameinyakua saa na kuishika nje ya kivuli cha mwavuli, jua la mchana likiipiga usoni. Mimi ndiye niliyeona kwanza. Nambari zilikuwa zimerudi, zimefifia kama mtu aliyetoka kulazwa, lakini zimerudi. Fundi akapiga kofi la mshangao.

"Haiya! Kumbe ni ya sola! Mzee, ulikuwa umeiweka wapi?"

"Kwa kabati. Ndani ya mkoba."

"Hata wewe nikikufungia kwa kabati miezi yote hiyo utazima! Hii haijakufa. Ilikosa mwanga ikalala."

"Na kengele?"

Fundi akabonyeza kitufe hiki na kile, akatikisa kichwa. Ndipo aliposema maneno ambayo wakati huo niliyachukua kuwa habari za saa tu. "Mwanga ukipungua ndani, sauti ndiyo hutangulia kunyamaza, uso unafuata baadaye. Na ikianza kupona, sauti ndiyo ya mwisho kurudi. Nenda uilishe mwanga polepole, mzee. Polepole."

Polepole ni neno ambalo rafiki yangu hakuwahi kukutana nalo. Jumapili iliyofuata nilimkuta nyumbani kwake ameipandisha saa juu ya mabati ya kibanda cha kuku, jua la saa sita, mabati ambayo ungeweza kukaangia mayai ya kuku wale wale. Alipoishusha, kioo kizima kilikuwa cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria ya githeri. Alipiga ukelele ambao nina hakika uliwatia wasiwasi wanajeshi wa kambi ya pale Lanet. "Imeungua! Deski, nimemchoma Mama!" Akakimbilia ndoo ya maji aitumbukize, nikamkaba kiuno kama tunacheza mieleka, kuku wakaruka kila upande. Tuliiweka kivulini, juu ya kiti cha mbao, tukaketi kuitazama. Ilipoanza kupoa, weusi ukarudi nyuma taratibu na nambari zikajitokeza. Joto lilikuwa limekipumbaza kioo, basi. Yule bwana mkubwa, mwenye mikono ya kuinua magunia, alikaa chini kwenye vumbi akalia.

Tangu hapo aliitunza kama inavyopaswa kutunzwa. Asubuhi aliiweka dirishani, mahali penye mwanga mwingi bila joto la kuunguza. Kioo alikifuta kwa kitambaa laini, maana uchafu huzuia mwanga. Ilikaa mkononi mwake mchana kutwa, na ili isifunikwe na sweta akakunja mkono wa kushoto. Mwezi wa Julai, Nakuru ikiwa baridi ya kugandisha maziwa yakiwa bado ndani ya ng'ombe, mkono wake ulikuwa nje. Kwenye harusi moja kule Molo alivaa suti mpya, mkono mmoja umekunjwa, na msimamizi wa wageni akamnong'oneza, "Boss, mkono wa koti lako umekunjika." Akamjibu kwa sauti iliyofika hadi kwa bwana harusi, "Najua. Mke wangu anaota jua."

Asubuhi moja simu yangu ikalia, nikaona ni yeye. Nikaisogeza mbali na sikio kama kawaida. Hakusema neno. Nilisikia kitu kidogo tu, pi-pi, pi-pi, pi-pi, chembamba kama kifaranga, kisha pumzi ya mtu mzima anayejizuia. Sauti ilikuwa imerudi. Nikasikia bilauri ya maji ikiwekwa mezani, nikajua dawa imemezwa. Tangu siku ile alizimeza kila asubuhi, na ninaamini ndizo zilizotukopesha ile miaka tuliyokuwa naye.

Lakini presha ni adui mvumilivu. Mwaka huu kiharusi kilimpiga, kikamwachia upande wa kushoto na kuuchukua wa kulia, pamoja na maneno yote. Sauti ile! Nilipoenda kumwona nilimkuta chumba cha nyuma, pazia zito limefungwa, blanketi hadi kidevuni. Watu wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni wakizungumza kwa minong'ono, maana tumefundishwa kwamba mgonjwa anahitaji utulivu na giza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukisukuma blanketi, ukitoka nje, na mwanawe wa kiume, kijana mwema anayempenda sana baba yake, akiurudisha ndani kila ulipotoka. "Tulia, Baba, utashikwa na baridi." Mkono ukatoka tena, ukarudishwa tena, na mkono wa sweta ukavutwa hadi kwenye vidole. Macho ya rafiki yangu yalikuwa yamejaa machozi. Tulidhani ni maumivu.

Binti yake alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Eldoret. Alisimama mlangoni akatazama mara moja tu. "Wacheni," alisema. "Hasikii baridi. Anataka dirisha." Akalifungua pazia, akamkunjia mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko, kama alivyozoea mwenyewe. Saa ilikuwa imefifia, na hakuna aliyekuwa amegundua kwamba siku nyingi ilikuwa imeacha kulia. Tulisogeza kitanda, mimi na kijana, hadi mkono ule ukaweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha. Kitu kingine ambacho hatukutarajia ni kwamba yeye mwenyewe alibadilika uso. Binti akawa anamgeuzia kila mgeni kiti, aketi palepale dirishani na kumsimulia baba yake habari kwa sauti ya kawaida, hata vichekesho. Mimi nilimletea chumvi yangu yote. Siku chache kabla hajafa, nikiwa nimeketi hapo asubuhi, ile saa ikalia pi-pi. Nusu ya mdomo wake iliyobaki hai ikacheka.

Tulimzika Subukia, ubavuni mwa mkewe. Kabla jeneza halijafungwa kulitokea ubishi mdogo wa kifamilia. Kijana alisema baba azikwe na saa yake, kwa kuwa hakuwahi kutoka nyumbani bila hiyo, na wazee wengi wakaitikia kwa vichwa. Ni heshima, na ndiyo desturi yetu: kitu ukikipenda, kifiche. Binti akainamisha kichwa, nikadhani amekubali. Kisha akasema, polepole, akimtazama kaka yake: "Kaka, Mama alikaa kabatini miezi mingi. Wewe unataka kumrudisha gizani?" Kijana mwenyewe ndiye aliyeinama akaufungua ule mkanda kwenye mkono wa baba yao, akamfungia dada yake, kisha akamkunjia mkono wa sweta lake jeusi. Alasiri ile upepo wa Subukia ulikuwa mkali. Binti hakuukunjua hadi tulipoondoka.

Nimefikiri sana juu ya yule fundi na maneno yake. Siku hizi tuna simu zinazotukumbusha kila kitu, mikutano, malipo, hata kunywa maji, lakini hakuna inayotuambia kwamba mwenzetu amepungukiwa na mwanga. Tunasubiri uso uzimike ndipo tukodishe mahema na vipaza sauti, tumwage sifa ambazo tulikuwa tumezifungia kabatini pamoja na bilauri. Nilisikia maneno matamu sana kaburini, na nikatamani yangesomwa pale dirishani. Basi leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, tazama nyumbani kwako na kazini kwako ni nani ambaye zamani alikuwa na kelele na sasa hana. Usimvutie blanketi. Sauti ndiyo hutangulia. Mfungulie pazia ukiwa na nafasi.

Asubuhi baada ya mazishi simu yangu ililia, nikaona ni binti. Nikaiweka sikioni. Hakusema neno, nami sikumuuliza. Pi-pi, pi-pi, pi-pi.